Picha ya Mtu ni Deni

Mhadhara kwa wapiga picha vijana, Merigi, Kaunti ya Bomet

Wazee wetu, akina mama, walimu, na ninyi vijana mliokuja na simu na kamera zenu: chamgei.

Mmeitikia nyote. Hata walioketi nyuma kabisa karibu na mlango, ambao sijawahi kukutana nao, wamenijibu chamgei mising. Naomba tuishike salamu hiyo, maana nitairudia kabla sijamaliza.

Nimeombwa nizungumze juu ya adabu ya kumpiga picha mtu usiyemjua, awe njiani, sokoni au shambani. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa kijana wa miaka 24, nina kamera ya kwanza niliyoinunua kwa pesa zangu. Alasiri moja, mvua ikianza kudondoka, nilimwona mama mzee akitoka shambani na kapu la majanichai mgongoni. Alikuwa ameinama chini ya mzigo, miguu peku, matope yamempanda hadi vifundoni, na nyuma yake chai imetanda kijani hadi kilele cha kilima. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Niliinua kamera, nikapiga mara tatu, nikapanda bodaboda, nikaenda zangu. Sikumsalimu.

Picha ilitoka nzuri. Shirika moja lililokuwa likichangisha pesa liliinunua kwa shilingi 4,000, likaitia kwenye kalenda, na chini yake likaandika maneno juu ya umaskini wa wakulima wa chai. Mwaka uliofuata mjukuu wa mama yule aliiona ukutani, katika chumba cha kungojea daktari, mbali na nyumbani. Jina langu lilikuwa pembeni kwa herufi ndogo. La bibi yake halikuwepo. Aliuliza kwetu, akanipata, nikaitwa.

Nilimkuta mama ameketi nje ya nyumba yake, kalenda iko mapajani. Hakunipigia kelele. Aliniambia, "Kijana, siku ile gambuti zilikuwa zimenichubua kisigino, nikazivua. Huyu mjukuu wangu alikuwa nyuma yangu amezibeba. Ungeniuliza, ningekwambia." Kisha akanionyesha shamba kwa mkono. Michai ile ilikuwa yake. Alikuwa na hisa kiwandani kama wakulima wenzake, na bonasi ya chai ile ilikuwa imesomesha watoto watano. "Umeniita maskini mbele ya watu nisiowajua," akasema, "na pesa umekula wewe."

Nilitoka pale na neno moja ambalo nimelishika hadi leo, na ndilo nililowaletea: picha ya mtu ni deni. Sura ni mali ya mwenyewe. Ukiichukua umekopa, na mkopo una adabu zake. Unaombwa kwa mwenye mali, unatumiwa kwa kazi mliyokubaliana, na unarudishwa.

Walio na umri wangu wanamkumbuka mpiga picha wa siku ya soko. Alikuja na kamera shingoni, na watu ndio waliomfuata. Ulimwita wewe. Ulichana nywele, ukafunga kifungo cha juu cha shati, ukachagua pa kusimama, kando ya ng'ombe wako au mbele ya maua ya kanisa. Ulilipa nusu. Yeye akaenda mjini kusafisha picha, na siku ya soko iliyofuata akarudi nayo mkononi ukamlipa iliyobaki. Asiporudi, kwao palijulikana. Pwani nako mambo yalikuwa hivyo. Katika studio ya Parekh mjini Mombasa, na katika studio ya Bakor kisiwani Lamu, watu walikwenda wamevaa walichokichagua, wakajiweka mbele ya kamera kama walivyotaka kuonekana. Aliyepigwa ndiye aliyekuwa mteja, na karatasi ilikaa kwake.

Simu imeligeuza jambo hilo juu chini. Siku hizi mpigaji ndiye anayebaki na picha, ndiye anayeamua iende wapi, ndiye anayehesabu wangapi wameipenda. Aliyepigwa anabaki na kapu lake. Deni limehama upande, lakini wengi wetu tunaishi kana kwamba halipo.

Tusidhani lakini kwamba simu ndiyo iliyoanza. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, studio za Unguja kama ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho ziliuza postikadi zilizosafiri hadi Ulaya. Nyingi zina sura za wanawake na za wachukuzi, na maelezo yake yanataja kabila au kazi tu. Jina la studio limechapishwa. Jina la mtu halipo. Nilipoziona mara ya kwanza niliikumbuka kalenda yangu.

Na si Afrika peke yake. Machi 1936, katika kambi ya wachumaji wa njegere huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja kibarua wa mashambani akiwa na wanawe hemani. Picha hiyo imekuwa miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi duniani. Lange aliipiga kwa nia njema, akiwa kazini kwa serikali, na ilipochapishwa chakula kilipelekwa kambini. Lakini familia ile ilikuwa imekwishaondoka. Jina la mama halikuulizwa, na dunia haikulijua hadi mwaka 1978, alipojitokeza Florence Owens Thompson kusema kwamba hakupata hata senti moja kutokana na sura yake, na kwamba afadhali asingepigwa. Mnaona? Deni lile lililipwa, lakini lilipelekwa kwa mlango usio wake, kwa kuwa mkopaji hakujua amekopa kwa nani. Yule naye alikuwa mchumaji wa mazao ya shambani, kama hawa tunaowapiga sisi kila siku.

Sasa tuje kwenye vitendo. Mkopaji mwema huingia kwa mlango. Kiswahili kinasema kupiga picha, na kinasema kupiga hodi, na katika hayo mawili hodi ndiyo hutangulia. Watoto wa pwani hufunzwa mapema kwamba hodi ni mara tatu. Usipoitikiwa karibu, unageuka na kurudi ulikotoka, huchungulii dirishani. Uso wa mtu nao una mlango.

Basi ukimwendea mtu, kamera iwe chini. Ionekane, isifichwe, wala isielekezwe kwake. Salimu kwa lugha yake. Kwa bibi sema kogo, kwa babu sema kugo, na kwa wa rika lako sema kama unavyomwita ndugu yako. Uliza habari ya kazi, kisha ungoje jibu lake lote. Hapo ndipo useme mambo matatu: wewe ni nani na watoka wapi, umependa nini, na picha itakwenda wapi. "Kogo, mimi ni mtoto wa fulani, kwetu ni ng'ambo ya mto. Nimependa unavyochuna. Naomba nikupige picha, kisha niiweke kwenye ukurasa wangu mtandaoni ambako watu wengi wataiona." Hayo ya mwisho ndiyo wengi huyaruka. Mtu aliyekubali upige hajakubali usambaze, na aliyekubali usambaze hajakubali uuze. Kila moja ina hodi yake.

Najua mtakaloniambia, kwa sababu nililisema mwenyewe kwa miaka mingi: nikiuliza, picha itakufa, atasimama wima na kukaza uso. Ni kweli, atasimama wima. Mpige hivyo kwanza, tena kwa moyo mmoja, kwa kuwa ndivyo anavyotaka kuonekana na hiyo ndiyo picha yake. Kisha mwombe aendelee na kazi, nawe ukae. Kazi ya chai ina mwendo wake. Mikono hurudi kwenye majani mawili na chipukizi, macho hutafuta tawi linalofuata, mazungumzo na jirani wa mstari wa pili huendelea pale yalipokatika. Baada ya dakika kumi amekusahau, na picha utakayopata haitafanana na ile ya kuvizia, kwa kuwa sasa unamjua. Utajua kama gambuti zimebebwa na mjukuu.

Na umati je? Siku ya soko, kwenye mkutano wa hadhara au uwanjani, huwezi kumpigia hodi kila mtu, na hakuna anayekudai ufanye hivyo. Aliyekuja mahali pa watu wote anajua ataonekana. Lakini ukiuvuta uso mmoja kutoka katika umati ukaujaza kwenye picha, umekwisha kumkopa mtu mmoja. Kama tukio lilikuwa la kupita na hukuwahi kuuliza, mfuate baadaye. Mwonyeshe. Akisema hapana, ifute mbele ya macho yake, na umshukuru kama ungemshukuru aliyekubali.

Hapana yenyewe inataka masikio. Watu wetu ni wapole kwa mgeni, na upole huo umewapotosha wapiga picha wengi. Ni nadra mama wa hapa Merigi akwambie waziwazi kwamba hataki. Atacheka na kugeuza uso. Atavuta leso. Atainama ghafla kutafuta kitu kapuni. Atakwambia labda siku nyingine. Zote hizo ni hapana, nawe usidai maneno ambayo adabu yake haimruhusu kukutamkia.

Wala usimdai sababu. Huenda amemkimbia mume mkatili, na picha yenye kilima nyuma yake itaonyesha mahali alipo. Huenda ana kesi, au ana kazi nyingine ambako ameomba ruhusa ya ugonjwa. Mwezi Mei 2023, mashine za kuchuna chai zilipochomwa katika mashamba ya Kericho kwa hasira ya ajira zilizopotea, klipu moja ya simu ingeweza kumtia matatani mtu aliyekuwa akipita njia tu. Mara nyingi husemwa kwamba wazee waliogopa kamera kwa kutojua. Mimi naona walikuwa wakiuliza swali ambalo hata sasa hatujalijibu vizuri: inakwenda wapi hiyo, na itarudi na nini?

Ndiyo nayo inaweza kuwa ya uongo. Ukiingia katika shamba kubwa umeandamana na meneja, nyapara amesimama mwisho wa mstari, kila utakayemuuliza atakubali. Anayekubali pale ameiitikia kazi yake, hajakuitikia wewe. Ngoja jioni, umkute njiani akirudi nyumbani, umuulize upya. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa mbele ya daktari, mwanafunzi mbele ya mwalimu, na mwenye njaa mbele ya gari la msaada.

Kuna mahali pengine ambapo hodi yenyewe haipigwi. Jando letu, tumdo, ni mahali pamoja kama hapo; walioingia jandoni wanajua ni kwa nini, na wasioingia hawana haja ya kuambiwa na picha. Pwani, katika sherehe za arusi za wanawake, wageni hujifungua mabuibui kwa sababu wako peke yao, na simu moja iliyoinuliwa inaweza kuvunja heshima ya nyumba nzima. Wodi ya hospitali ni mahali pengine. Na ajali, ndugu zangu, ajali.

Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kaunti jirani ya Kericho, likawaua zaidi ya watu 50, wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Fikirini mama ambaye mwanawe alikuwa akiuza bidhaa pale. Ana haki ya kuambiwa na mtu aliyemshika mkono. Hastahili kuletewa habari na stetasi ya WhatsApp ya mtu asiyemjua. Aliyelala barabarani hawezi kuitikia karibu, kwa hiyo mlango wake umefungwa. Weka simu mfukoni. Mikono yako miwili inahitajika kubeba majeruhi.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi na kwa ukali. Mtoto atakukimbilia, atacheka, atapiga foleni apigwe picha. Hayo hayatoshi. Tafuta mzazi. Usimnunue kwa peremende. Uso wa mtoto ukishaingia mtandaoni utaishi huko hata atakapokuwa mtu mzima mwenye akili zake, na wakati wa kumuuliza utakuwa umepita.

Sheria yetu imeanza kuyasema haya kwa lugha yake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 28, inalinda utu wa kila mtu, na katika kifungu cha 31 inalinda faragha yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa habari za mtoto, na ridhaa ya mwenyewe kabla hujazitumia habari zake kwa biashara, na sura ni habari zake. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na Shule ya Roma ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizotolewa bila ridhaa ya wazazi. Sheria hiyo imewaachia nafasi waandishi wa habari na wasanii, na haijamkataza mtu kuinua simu barabarani. Lakini mtu anayengoja Kamishna ndipo aheshimu uso wa jirani yake amechelewa. Faini huja baada ya machozi. Salamu huja kabla.

Sasa kuna swali zito ambalo sitaki kulikwepa. Je, hakuna picha iliyo halali bila hodi? Ipo, nayo ilipigwa hapa petu. Februari 2023, BBC ilionyesha filamu iliyopigwa kwa kamera ya siri katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Mwanahabari aliingia kama mtafuta kazi, na kamera ikawanasa wasimamizi wakidai ngono ili watoe kazi. Zaidi ya wanawake 70 walisema wametendewa hivyo. Nchi ilishtuka, na Bunge likaagiza uchunguzi. Wanaume wale hawakupigiwa hodi, na ilikuwa sawa wasipigiwe.

Tazameni ni kwa nini. Kamera ile ilimwelekea mwenye nguvu aliyejificha nyuma ya cheo. Jina la mwanahabari lilibadilishwa ili alindwe, na wanawake walikuwa wamelilia jambo hilo lisemwe. Kwa hiyo deni lilikuwepo, lakini mdai wake alikuwa mwanamke aliyeonewa, na alilipwa kwa kusikika. Vivyo hivyo Mkenya mwenzetu Mohamed Amin, alipopiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, sura zile zilizunguka dunia zikaleta chakula kwa waliokuwa hai. Ukitaka kujua kama picha yako ya bila hodi ni ya aina hiyo, jiulize maswali mawili: ninayemchukua ni mwenye nguvu au mnyonge? Na faida inamrudia nani? Majibu yakiwa mnyonge na mimi, ifute.

Nimebakiza jambo la kulipa. Watu huniuliza kama inafaa kumpa pesa aliyepigwa. Picha ikiuzwa, ndiyo, apate fungu lake, na M-Pesa imetuondolea kisingizio cha kwamba anakaa mbali. Picha isipouzwa, deni hulipwa kwa njia nyingine. Mwonyeshe papo hapo. Mtumie, na kama simu yake ni ya kubonyeza, ichapishe umpelekee, kama alivyofanya yule wa siku ya soko. Andika jina lake chini, akiridhia, kwa tahajia anayoitumia yeye. Andika anachokifanya na si unachomhurumia. Ukisema utamletea, mletee. Ahadi ni deni, na hii ni ahadi juu ya deni. Watalii wamepita barabara zetu za chai na ahadi nyingi za picha. Ninyi mnakaa hapa. Mtakutana na mtu huyo kituoni akipimiwa majani, kanisani, au mazishini.

Nami nilikutana naye. Siku ile aliponiita nilimwomba msamaha, nikampelekea zile shilingi 4,000, na kwa kuwa hazikutosha kufuta kitu, nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza ng'ambo ya barabara: "Kogo, ungependa uonekane vipi?" Alifikiri. Akaingia ndani, akatoka na sweta ya bluu na gambuti zilizosuguliwa, akasimama katikati ya michai yake, kapu likiwa tupu kando, mjukuu akiwa upande wa kulia. Hakutabasamu. Alitazama kamera kama mtu anayetazama shamba lake. Nilipiga mara moja tu, na wiki iliyofuata nikampelekea imechapishwa na kutiwa fremu.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda kumzika. Familia ilikuwa na picha nyingi za kuchagua, za arusi na za mahafali ya watoto. Juu ya jeneza waliweka ile ya shambani. Chini yake waliandika jina lake kamili, la kuzaliwa na la ubatizo. Langu halikuwepo, na hapakuwa na haja.

Salamu mliyonijibu mlipoketi haikuwagharimu kitu, na mlimpa mtu ambaye wengine wenu hamumjui. Kesho asubuhi, kabla simu haijafika usawa wa macho, ianze hiyo.